Simba Waliopita Makadara

Watoto wanaosomea katika maktaba ya Kaloleni wanalijua jina la McMillan kama jina la maktaba tu. Tawi lao na lile la Makadara ni watoto wa maktaba kuu iliyo katikati ya mji wa Nairobi, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. William Northrup McMillan mwenyewe alikuwa tajiri Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis, aliyefika nchini mwanzoni mwa karne iliyopita akamiliki shamba kubwa la Juja. Alifariki mwaka 1925 akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, na mkewe Lucie akaijenga maktaba hiyo kwa kumbukumbu yake. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga ndani. Habari hizo zimesimuliwa sana, hasa tangu shirika la Book Bunk lilipoanza kuyakarabati majengo hayo matatu.

Kisa kingine cha McMillan hakisimuliwi mara nyingi. Mwaka 1909 alitoa zawadi ya wanyama walio hai, simba wakiwemo, kwa Bustani ya Taifa ya Wanyama ya Washington. Bustani hiyo ilimtuma msaidizi wa msimamizi wake, A. B. Baker, asafiri kutoka Marekani hadi Nairobi kuwachukua. Wanyama hao walitiwa katika masanduku ya mbao na kusafirishwa hadi baharini, wakapakiwa melini, na waliofika wakamalizia maisha yao nyuma ya vyuma, mbele ya watu ambao hawakuwahi kuona nyasi za Athi.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa wakati huo njia ilikuwa moja, nayo ni reli. Reli ya zamani ikitoka stesheni ya Nairobi huelekea mashariki. Inapita kando ya Makongeni, inafika Makadara, inakata kuelekea Embakasi, kisha Athi River. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwepo Kaloleni na Jericho, Donholm na Pipeline, wanyama wa Kenya waliouzwa au kutolewa zawadi ng'ambo walisafirishwa kupitia hapa tunapoanika nguo zetu leo. Njia hiyo bado inapitika. Treni ya abiria ya Embakasi inaifuata kila siku ya kazi, na mimi nimeifuata pia, nikiwa na swali moja kichwani: nini hasa kilitokea kati yetu na wanyama hawa?

Pale stesheni, ukipitia upande wa Makumbusho ya Reli, utakuta mabehewa ya enzi ile na habari ya Charles Ryall, mkuu wa polisi aliyeburutwa na simba kutoka ndani ya behewa huko Kima mwezi Juni 1900. Alikuwa amekwenda kumvizia simba huyo, akashikwa na usingizi. Wageni hupenda kisa hicho, kama wanavyopenda kile cha simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, ambao ngozi zao ziliuzwa baadaye kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000. Hadithi hizi zimemjenga simba wa Kenya kama mla watu, na mimi naona zimetudhulumu. Simba wengi waliopita katika reli hii hawakula mtu. Walikuwa ndani ya masanduku.

Treni inapoondoka, mji unakaribia dirisha hadi unaweza kusoma jina la kibanda cha M-Pesa na kunusa maandazi. Hapo Makadara watu hujaa mlangoni, wengine wakiwa na magunia ya mitumba kutoka Gikomba. Mbuzi wanachakura taka kandokando ya reli wala hawashtuki honi inapopigwa. Mbele kidogo, maghorofa ya Pipeline yamebanana kiasi kwamba jirani anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani.

Kwenye reli hiihii, mwezi Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipita tambarare za Kapiti na Athi akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya garimoshi ili asikose kuona kitu. Aliona nyumbu, punda milia, kongoni, swala na twiga. Upande wa kusini wa reli ulikuwa hifadhi ambamo uwindaji ulikatazwa, na abiria walikuwa wakihesabu mifugo ya Mungu kutoka madirishani. Safari yake iliandaliwa kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Yeye na mwanawe Kermit peke yao waliua wanyama 512. McMillan alikuwa mmoja wa wenyeji wao, kule Juja.

Kabla ya kuwalaumu Wamarekani hao wawili, inafaa kukumbuka kwamba kumpeleka mnyama wetu mbali kama zawadi hakukuanza nao. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme wa Uchina, miaka zaidi ya themanini kabla Vasco da Gama hajatia nanga pwani yetu. Tangu zamani mnyama wa Afrika Mashariki amekuwa kitu cha kumfurahisha mkubwa wa mahali pengine.

Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kwamba watu walianza kuuliza mnyama mwenyewe anapata nini. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, alifungua bustani karibu na Hamburg ambamo vyuma viliondolewa na badala yake yakachimbwa mahandaki. Mgeni alimwona simba kana kwamba yuko huru. Lakini hilo lilimfaa zaidi mtazamaji. Aliyeligeuza jicho kumwelekea mnyama alikuwa Heini Hediger wa Uswisi, aliyesimamia bustani kadhaa za wanyama nchini mwake. Miaka ya 1940 alieleza jambo ambalo mchungaji yeyote wa Kajiado angelithibitisha: kila mnyama wa porini ana umbali wake. Ukimkaribia ukiwa bado nje ya umbali huo, atakutazama na kuendelea kula. Ukiuvuka, atakimbia. Ukiuvuka naye hana pa kukimbilia, atakushambulia.

Hebu sasa mfikirie simba ndani ya sanduku kwenye reli hii. Umbali wake umefutwa kabisa. Mtu anayemletea maji, kibarua anayelisukuma sanduku, mtoto anayechungulia kwenye ufa, wote wako ndani ya eneo ambalo mwili wake unamwambia akimbie au aue, na hawezi lolote kati ya hayo mawili. Tunaposema mnyama ni mkali ndani ya kizimba, mara nyingi tunachokiona ni hofu iliyokosa mlango.

Embakasi ndipo njia hii inapokaribia nyika. Ukishuka na kuvuka Barabara ya Mombasa, upande wa pili ipo Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, ya kwanza kuanzishwa nchini, mwezi Desemba 1946. Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyeipigania. Alipochoka kupuuzwa, aliandika barua gazetini akijifanya mlowezi mkongwe anayetaka wanyama wote wauawe kwa bunduki, na hasira iliyozuka kwa wasomaji ndiyo iliyomfungulia njia. Ilikuwa hila ya werevu na nampa heshima yake. Lakini Wasomali waliokuwa wakichunga mifugo katika ardhi hiyo waliondolewa ili iwe mbuga. Na katika miaka hiyohiyo, upande huu wa Eastlands, mashariki mwa mji, mfanyakazi Mwafrika alikuwa akipangiwa nafasi ya kitanda kimoja, mke na watoto wakitarajiwa kubaki mashambani, na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni. Serikali ileile ya kikoloni iliyojua kwamba nyumbu anahitaji nafasi ya kutembea na jamii yake haikutaka kujua hivyo kuhusu mtu wa Kariokor au Shauri Moyo. Nadhani hii ni sababu moja iliyowafanya watu wetu kwa vizazi vingi waione mbuga kama mali ya wengine.

Kituo cha wanyama yatima kilifunguliwa langoni mwa mbuga mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kwa wengi wetu wa Eastlands, hapo ndipo tulipomwona simba kwa mara ya kwanza. Basi la shule hutoka Jogoo Road alfajiri, nyimbo zikiimbwa hadi Lang'ata, mkate na soda vikiwa vimekwisha kabla ya kufika. Watoto hukimbilia kwa simba, humpigia kelele aungurume, kisha huondoka wakilalamika kwamba alikuwa amelala. Hakuna kosa hapo. Simba mwituni hupumzika hadi saa 20 kwa siku. Kulala kwake ni dalili njema.

La kutazamwa ni lile linaloonekana kama uchangamfu. Tafuta duma anayetembea kandokando ya waya. Anakwenda hadi kwenye kona, anageuza kichwa upande uleule, anarudi kwa hatua zilezile, anafika kona ya pili, anageuka tena. Tazama chini utaona udongo umechongeka kijia chembamba, nyasi zimekufa. Mtoto atasema anafanya mazoezi. Watafiti wa Uingereza, Ros Clubb na Georgia Mason, walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa wanyama wala nyama walio vizimbani sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba tabia hii ya kwenda na kurudi bila kikomo, pamoja na vifo vya watoto, huzidi kwa wale ambao porini hutembea eneo kubwa zaidi. Hivyo hata mlo mzuri na daktari hodari haviwezi kuziba pengo lote la ardhi aliyoikosa.

Duma anafundisha zaidi ya hapo. Wafalme wa Bara Hindi walifuga duma wa kuwindia kwa karne nyingi, inasemekana Akbar alikuwa nao mamia, lakini kuzaa kwao utumwani kulikuwa jambo la nadra mno la kuandikwa katika kumbukumbu za kifalme. Katika nyakati za kisasa, duma hawakujulikana kuzaa kizimbani hadi mwaka 1956 huko Philadelphia. Porini jike huishi peke yake na kuzunguka mbali, akikutana na madume anapotaka mwenyewe. Ukimfungia na dume mmoja mwaka mzima, huzoeana wasitamaniane. Walezi waliofaulu ni wale walioanza kuwatenga na kumwachia jike nafasi ya kuchagua.

Kazi ya ulezi, kwa hiyo, inaanza na kumjua mnyama, na mara nyingi hukwama kwenye vitu vidogo. Mtoto wa simba akiletwa akiwa yatima, mtu mwenye huruma atampa steki, nyama laini isiyo na mfupa. Baada ya majuma kadhaa miguu ya mbele itaanza kupinda na uti wa mgongo kulegea, maana nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili hujitafuna mifupa yake wenyewe ili kuipata. Mama yake angempa mzoga mzima, pamoja na mifupa, ngozi na matumbo. Ndiyo maana mlezi anayejua kazi hutupa mfupa pamoja na nyama. Hutafuta pia namna ya kumtaabisha mnyama kidogo: anaficha chakula, anakitundika juu ya mti, anapaka harufu ya kinyesi cha punda milia kwenye gogo, anabadilisha saa ya kulisha. Simba aliyehangaika nusu saa kukipata chakula chake hatembei sana kandokando ya waya jioni.

Ndani ya mbuga hiyohiyo, wenye kufuata njia yangu hadi mwisho watakuta kituo cha tembo yatima cha Sheldrick. David Sheldrick alikuwa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Alipofariki mwaka 1977, mkewe Daphne aliendeleza hapa kazi waliyoianza pamoja. Kabla ya hapo, huko Tsavo, watoto wa tembo wachanga walikuwa wakimfia mikononi kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayakuwafaa. Baada ya miaka mingi ya kujaribu aligundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribiana zaidi na ya maziwa ya tembo. Hata baada ya kulitatua hilo, mtoto aliyeitwa Aisha alikufa mwaka 1974. Daphne alikuwa amemlea peke yake kwa miezi sita, akaondoka siku chache kwenda kwenye harusi ya bintiye, na Aisha akakataa maziwa. Alikufa kwa huzuni. Kutokana naye ukatoka utaratibu unaofuatwa hadi leo: walezi hupokezana, hakuna tembo mwenye mlezi mmoja, na hakuna tembo mchanga anayelala bila mtu.

Nenda saa tano asubuhi, wakati kituo kinapofunguliwa kwa umma. Walezi huingia na watoto hao wakiwa na chupa kubwa za maziwa, yanayotolewa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Wachanga hufunikwa blanketi, na lingine hutundikwa ili mtoto aegemeze mkonga wake wakati wa kunyonya, kama angefanya ubavuni mwa mama yake. Ukikaribia kamba utamwona mmoja akitafuta blanketi kwa ncha ya mkonga kabla hajakubali chupa. Walezi wenyewe ni vijana wa kawaida wa Kenya. Wanaweza kukwambia nani ana wivu, nani anamtuliza mgeni aliyeletwa jana usiku, na nani hulia usingizini.

Tofauti kubwa na yale masanduku ya 1909 iko katika safari ya pili. Tembo hawa wakifikisha miaka kama mitatu, hupakiwa kwenye lori usiku na kuondoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, sambamba na reli ileile waliyopita simba wa McMillan. Wengine huteremshwa Kibwezi, wengine Voi, wengine Ithumba. Huko hukutana na tembo wa porini, na taratibu, kwa miaka, kila mmoja kwa wakati wake, hujiondokea. Yatima waliolelewa na kituo hicho wamepita 300, na majike kadhaa waliozaa porini wamerudi kuwaonyesha walezi watoto wao.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa kwa kila kizimba: je, mnyama huyu ana safari ya pili? Wapo wasioweza kuwa nayo. Kifaru Maxwell alipatikana mbugani mwaka 2007 akiwa mtoto kipofu, na kumwachia kungekuwa kumuua. Sokwe Poco wa hifadhi ya Sweetwaters huko Laikipia alifungiwa miaka tisa mjini Bujumbura katika kizimba chembamba cha kuvutia wateja wa karakana, hata akazoea kusimama wima kama mtu. Sokwe si wa Kenya, na kwao palikuwa na vita. Kwa wanyama kama hao, makao ya kudumu yenye nafasi na wenzao ni haki yao. Lakini mnyama mzima aliyetolewa porini ili atazamwe tu, huyo amedhulumiwa. Wakenya walilisema hilo kwa sauti mwaka 2005, serikali ilipokubali kuipa Thailand wanyama 175 kwa ajili ya bustani ya Chiang Mai. Watetezi walikwenda mahakamani na safari ikasimamishwa. Masanduku hayakupakiwa.

Na Eastlands haijakosa wanyama wake. Juu ya jaa la Dandora wamejaa kongoti, wale ndege warefu wenye upara na mfuko shingoni tunaowaita marabu. Watu huwachukia kwa uchafu. Wakati wa jua kali hujinyea miguuni ili wapoe, ndiyo sababu miguu yao huonekana imepakwa chokaa. Mbele zaidi, kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai, viboko wameweka makao, na ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia hutua kwa wingi hadi mahali hapo pakaorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Mwanafunzi wa Kayole anayetaka kujifunza tabia za wanyama hahitaji nauli ya Lang'ata.

Hata hivyo, wa mbugani wako taabani. Mbuga imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako nyumbu walikuwa wakitoka kwenda Kitengela na Kaputiei na kurudi kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walikuwa zaidi ya 26,000. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 3,000, kwa sababu ya nyua, mashamba, machimbo na majumba. Tangu 2019 treni ya SGR inapita juu ya mbuga kwenye daraja la kilomita sita hivi. Mlango wa kusini ukifungwa kabisa, kilomita za mraba 117 zitakuwa kizimba kikubwa, nasi tutakuwa tumeipeleka mbuga nzima mahali walipopelekwa simba wa McMillan.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu walimu wa Makadara, Umoja, Dandora na Embakasi. Mkiwapeleka watoto kwenye kituo cha yatima, wafundisheni kunyamaza mbele ya mnyama na kumwuliza mlezi maswali: aliletwa lini, kwa nini, na atarudi lini. Jibu likiwa kwamba angeweza kurudi lakini hakuna pa kumrudishia, waandikieni wawakilishi wenu wa bunge na wa kaunti kuhusu ile ardhi ya kusini, na watoto watie sahihi pia. Watoto wa Eastlands hawajawahi kuulizwa kuhusu mbuga hii tangu ilipofunguliwa mwaka 1946.